Mpwa wangu alizama kisimani, na watu wazima wote tuliokuwepo tulikosea

Siku ya tatu hospitalini, dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ule mfuniko si ulisema utauchomelea?"

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, mifuniko ya visima vya watu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Kisima cha nyumbani kwangu kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha bati, na matofali mawili juu yake. Sikuwa na jibu siku ile, na mpaka leo sina. Mwanawe alikuwa amelala kati yetu, mrija wa oksijeni puani, yu hai. Nasimulia kwa sababu yu hai. Angekufa, sidhani kama ningepata nguvu ya kuandika hata mstari mmoja.

Huku kwetu Mbagala maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo wenye nyumba wengi tumechimba matangi chini ya ardhi na kuyasakafia. Tunayaita visima. Changu kina mita mbili na nusu kwenda chini, na mdomo wake ni wa mraba, sentimita 60 kila upande, kiasi cha mtu kushuka kusafisha. Bati lile lilikuwa limeliwa na kutu upande mmoja. Nililiona. Kila Jumapili nilijiambia wiki ijayo.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 6. Alikuja kwangu likizo ya Desemba kutoka Morogoro, na Jumamosi ile mchana alikuwa uani akicheza mpira na wenzake wawili. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba, naongea na mteja kwenye simu. Mazungumzo yale yaliisha saa 8:12 mchana, simu yenyewe imehifadhi. Simu niliyompigia dereva wa bajaji ni ya saa 8:25. Yote ninayoyasimulia hapa yamo ndani ya dakika hizo 13, na nimezirudia kichwani kuliko jambo lolote la maisha yangu.

Mtoto wa jirani alikuja akanivuta suruali. "Mjomba, kaingia kwenye maji." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia mpira umeingia mtaroni. Nikamuuliza maji gani. Uani hakukuwa na kelele, hakukuwa na mlio wa mtu kutapatapa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mtu anayezama mara nyingi hapati hata nafasi ya kupiga yowe, maana mdomo ukitoka juu ya maji una kazi moja tu, kuvuta hewa. Usisubiri kusikia kelele ndipo uamini.

Niliruka ndani. Maji siku ile yalinifika kifuani. Yangekuwa yamejaa, tungezama wawili, kwa sababu sijui kuogelea na kuta zile hazina pa kushika. Ngazi yangu ya kazi ilikuwa imeegemea ukutani, hatua tatu kutoka pale, na sikuiona. Kamba, ngazi, dumu tupu lililofungwa kamba, chochote cha kumfikia mtu bila wewe kuingia, hicho kwanza. Nilimpapasa kwa miguu, nikamwinua, kijana mmoja akampokea juu.

Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Midomo ya bluu. Macho nusu wazi, hayaangalii kitu.

Nilipotoka nilifanya kile ambacho kila mtu wa rika langu angefanya. Nilimshika vifundo vya miguu nikamning'iniza kichwa chini, nikamtikisa. Maji yakamwagika mdomoni, mengi, na watu waliokwisha kujaa uani wakapiga kelele: "Yanatoka! Yanatoka!" Naomba mnielewe hapa, maana ndipo tulipopoteza muda kuliko popote. Yale maji yalitupa moyo. Tuliyaona kwa macho yetu yakitoka, tukaamini tunamtibu. Kumbe yalikuwa yanatoka tumboni. Mapafu hayamwagiki kama mtungi, na maji yanayoingia humo kwa mtu aliyezama mara nyingi si mengi kama tunavyodhani. Kilichokuwa kinamuua ni kukosa hewa, na muda wote niliokuwa namtikisa hakuna hata chembe ya hewa niliyompa. Tena maji ya tumboni yakipanda na matapishi kwa mtu asiye na fahamu, yanaweza kurudi kwenye njia ya hewa na kumharibia zaidi.

Jirani mmoja akanipokonya, akamlaza na kuanza kumkamua tumbo kwa viganja. Yaleyale.

Halafu akaja mzee wa nyumba ya tatu, mtu wa miaka 80 na ushee ambaye mtaa mzima unamwita Babu. Alisema kwa sauti ya kuamuru, "Mgeuzeni kifudifudi," na kwa kuwa ni Babu, tukamgeuza. Akapiga magoti kwa shida upande wa kichwa, akaweka mikono mgongoni kwa mtoto, akasukuma, kisha akamshika viwiko na kuviinua, akasukuma tena, akaviinua. Alifanya kwa mpangilio mzuri, kama mtu aliyefundishwa. Na kweli alifundishwa. Alikuwa skauti shuleni kwenye miaka ya hamsini, na njia ile ndiyo iliyokuwa ikifundishwa wakati huo. Nimekuja kujua kwamba ni ya Holger Nielsen wa Denmaki, ya mwaka 1932, na ilisambazwa karibu dunia nzima. Babu hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu sahihi ya zama zake, ila hakuna aliyerudi kumwambia kwamba imebadilika.

Mara kifua cha mtoto kikashtuka na mdomo ukafunguka, kama samaki aliyetolewa majini. Bibi mmoja akasema, "Anapumua huyo, mwacheni apumzike." Tukaacha. Wote. Tulisimama tukimwangalia mtoto anayekufa, tukimshukuru Mungu. Kile hakikuwa kupumua. Moyo unaposimama au kukaribia kusimama, mwili unaweza kutoa mivuto ya namna ile, mmoja, kimya, halafu mwingine baada ya sekunde nyingi, wakati mwingine na sauti kama ya kukoroma. Ukiiona kwa mtu asiyeitika, ihesabu kuwa hapumui. Mtu anayepumua kawaida utaona kifua kinapanda na kushuka kwa mfululizo, na usikae kukichungulia zaidi ya sekunde 10.

Binti aliyekuja kutusaidia alikuwa amesimama kwenye uzio muda wote huo na ndoo yake ya maji. Ni mtoto wa wapangaji wa jirani, kidato cha nne. Wenzangu wananiambia alisema "mlazeni chali" zaidi ya mara moja, na bibi yuleyule akamjibu, "We mtoto, toka hapo, haya mambo ya wakubwa." Mimi sikumsikia. Nilichosikia ni ndoo kuanguka, na yeye akapita katikati yetu, akapiga magoti, akamgeuza mtoto chali kwenye sakafu ya saruji.

"Fundi, njoo huku," akaniambia. Alizoea kuniamkia shikamoo kila asubuhi bila kuinua macho. Siku ile alinitazama usoni na kuniamuru, na nikatii.

Aliweka kiganja kimoja kwenye paji la uso wa mtoto, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu, akakiinamisha kichwa nyuma kidogo. Akaziba pua kwa vidole. Akafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza. Kifua hakikupanda. Watu wakaguna. Yeye hakushtuka, akarekebisha kichwa, akainua kidevu zaidi, akapuliza tena, na safari hii nikaona kifua kidogo kile kikiinuka kama mtu aliyelala usingizi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Akapuliza tena na tena, jumla kama mara tano.

"Sasa bonyeza hapa." Nikabonyeza. Akanisogezea mkono juu, kwa kuwa nilikuwa nimeuweka karibu na tumbo. Akauweka katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa wa kati. "Kwa nguvu, Fundi. Haraka. Usiogope." Naogopa hata kuchuna ngozi ya mtoto ninapomwogesha, na hapa naambiwa nimbonyeze kifua kwa nguvu. Nilibonyeza kidogo kidogo. Akanipiga kofi la mkono. "Kwa nguvu!" Akawa anahesabu kwa sauti, akifika thelathini ananizuia kwa kiganja, anapuliza mara mbili, kisha naendelea.

Mzunguko wa pili au wa tatu mtoto alitapika. Nilirudi nyuma, nikidhani nimempasua. Yeye alimgeuza ubavu, akampangusa mdomo kwa upindo wa khanga yake, akamrudisha chali, akaweka mdomo wake palepale palipokuwa na matapishi. Nataka hilo lijulikane. Binti wa miaka 17, mtoto asiye ndugu yake, na hakusita hata kidogo.

Baada ya hapo akakohoa. Akavuta hewa kwa mlio wa kukwaruza, akakohoa tena, na akalia. Kilio chembamba sana. Mimi nilikaa chini kwenye maji na matapishi nikashindwa kusimama.

Kosa la mwisho la siku ile nusura lifute yote. Mtoto alikuwa analia, anamwita mama yake, mashavu yamerudi rangi. Watu wakasema alhamdulillah, abadilishwe nguo, apewe maziwa, alale. Nilikubali. Binti akasema hapana, lazima hospitali, na Babu akamuunga mkono, sina hakika kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa ameona alichokiona. Ndipo nikapiga ile simu ya saa 8:25. Njiani alishikwa akiwa amelala ubavu kwenye mapaja yangu, na binti amekaa mkabala naye akimtazama kifua.

Hospitalini, kwa sababu aliingia akiwa anaongea, tuliambiwa tukae kwenye benchi tusubiri foleni. Niliposema "mtoto amekunywa maji," hakuna aliyegeuka. Binti akaenda mwenyewe kwa muuguzi akamwambia: "Alizama, alikuwa hapumui, tumempulizia pumzi na kumbonyeza kifua." Tuliingizwa ndani mara moja. Kwa hiyo yashike maneno hayo. Sema alikuwa hapumui, sema mlichomfanyia, na kama unajua ni dakika ngapi, zitaje.

Usiku ule alianza kupumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, na kile kifaa cha kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 88, chini ya inavyotakiwa. Maji kidogo yaliyoingia kwenye mapafu yalikuwa yanafanya kazi yake. Angekuwa nyumbani, amelala kwenye mkeka baada ya maziwa, tungemkuta asubuhi. Alikaa kwenye oksijeni siku tatu na wodini siku sita. Hakuwa na bima. Jumla ilinitoka shilingi 720,000, na kuzipata niliuza mashine yangu ya kukatia chuma, ile kubwa. Miezi minne nilikuwa naazima kwa mwenzangu. Pesa zilirudi. Dada yangu alikaa wiki tisa bila kupokea simu yangu, na hizo sikuzilalamikia.

Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kulala. Nikifumba macho naona midomo ya bluu. Nilianza kuyaangalia matangi ya watu mtaani na kuhesabu watoto walio karibu. Mke wangu ndiye aliyesema, kama hulali basi nenda ukajifunze alichokijua yule mtoto. Binti alikuwa amejifunzia kwenye klabu ya Msalaba Mwekundu ya shuleni kwao. Alifundishwa mara mbili tu, alasiri mbili, kwa mdoli mmoja wa mazoezi, wanafunzi arobaini. Chama cha Msalaba Mwekundu kinatoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu wazima pia, na wapo wengine wanaofundisha. Mimi nilipata kozi ya siku mbili kwa shilingi 90,000, na kazi za siku mbili nilizozikosa.

Swali langu la kwanza darasani lilitoka kwenye kazi yangu. Mimi nachomelea kwa gesi, naijua mitungi ya oksijeni. Nilimuuliza mkufunzi: hewa niliyokwisha kuivuta na kuitumia mwenyewe itamfaa nini mtu mwingine? Akanijibu kwa hesabu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Tunayoitoa ina kama 16 bado. Mwili unachukua kidogo tu na kurudisha iliyobaki. Kwa hiyo pumzi yako ina oksijeni ya kutosha kumshikilia mtu.

Alitueleza pia jinsi njia ya Babu ilivyoachwa. Katika miaka ya hamsini, mjini Baltimore nchini Marekani, daktari wa usingizi Peter Safar alipata watu waliojitolea kulazwa na kulegezwa misuli kwa dawa mpaka wasiweze kupumua wenyewe. Akajaribu juu yao zile njia za kusukuma mgongo na kuinua mikono, akazilinganisha na kupuliza mdomo kwa mdomo. Njia za zamani ziliingiza hewa kidogo mno, mara nyingi kwa sababu ulimi na koo vilikuwa vimeziba njia. Kuinamisha kichwa nyuma na kupuliza kuliingiza hewa. Mwaka 1960, katika mji uleule, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na wenzake James Jude na Guy Knickerbocker wakachapisha kwamba moyo uliosimama unaweza kusukumiwa damu kwa kubonyeza kifua kutoka nje, bila kupasua. Mambo hayo mawili yakaunganishwa, na hiyo ndiyo CPR. Nilifikiri ni elimu ya kale. Ni changa kuliko Babu.

Na mdoli tuliofanyia mazoezi una historia yake. Ulitengenezwa mwaka huohuo wa 1960 na Asmund Lærdal, mtengeneza vitu vya kuchezea watoto wa Stavanger, Norwei. Uso wake ulichukuliwa kwenye kinyago cha msichana ambaye husimuliwa kwamba aliopolewa kutoka mto Seine, Paris, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake halikujulikana kamwe. Lærdal mwenyewe aliwahi kumtoa majini mwanawe mdogo aliyekuwa karibu kufa. Mkufunzi aliposema hilo nilitoka nje kidogo.

Sasa niseme mambo ambayo mikono yangu iliyajua pale tu nilipoyafanya, na ambayo kuyasoma pekee kusingetosha.

Kubonyeza kifua kunachosha haraka mno. Nanyanyua vyuma kila siku, lakini dakika ya pili mabega yalikuwa yanawaka, na taa ya mdoli ikaonyesha kwamba nabonyeza nusu ya ninavyodhani. Ndiyo maana mnabadilishana kila dakika mbili kama mko wawili, hata kama unajiona bado una nguvu. Viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono, uzito wa mwili ufanye kazi. Kwa mtu mzima unashuka sentimita 5, usipite 6. Kwa mtoto ni theluthi ya unene wa kifua chake, mkono mmoja ukitosha ni sawa. Kwa mtoto mchanga vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake, na mdomo wako unafunika mdomo na pua yake pamoja, pumzi ndogo ya mashavuni tu. Kila ukibonyeza, kiachie kifua kirudi chote juu kabla hujabonyeza tena, maana damu hujaa moyoni wakati huo. Alazwe mahali pagumu. Kwenye godoro unabonyeza godoro. Kwa mtu mzima unaweza kusikia mbavu zikialika. Inatisha, lakini mbavu huunga.

Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hapo Kiswahili chetu kilitutesa. Mpaka kumi unaenda vizuri. Ukifika "kumi na moja, kumi na mbili" neno linakuwa refu kuliko kitendo, na mikono inapunguza kasi kuusubiri mdomo. Darasa zima tulikuwa tunaharibikia palepale. Mkufunzi akatuambia tuhesabu moja mpaka kumi, mara tatu. Ilinyooka siku hiyohiyo.

Pumzi ni sekunde moja, unapuliza mpaka uone kifua kinapanda, basi. Ukipuliza kama unayejaza puto hewa inaingia tumboni na anatapika. Kisipopanda, rekebisha kichwa kwanza. Kwa aliyezama, na kwa watoto kwa ujumla, tulifundishwa kuanza na pumzi tano, kisha mibonyezo 30 kwa pumzi mbili. Kuna wanaofundisha kuanza na mbili. Usikwame hapo, la maana ni kwamba pumzi zinatangulia. Aliyezama moyo wake umesimama kwa sababu oksijeni imekwisha, ukimbonyeza kifua tu unamzungushia damu isiyo na kitu. Mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako sokoni ni habari nyingine. Damu yake bado ina oksijeni kwa dakika kadhaa, na kama hujafundishwa au unaogopa mdomo wa usiyemjua, bonyeza kifua mfululizo bila kupuliza. Hiyo pekee ni msaada mkubwa. Povu likitoka mdomoni kwa aliyezama, usipoteze muda kulifuta, puliza.

Na usianze safari na mtu asiyepumua. Hili nililipinga darasani, kwa sababu kwetu gari la wagonjwa halifiki kwa dakika tano. Mkufunzi hakubishana nami. Alinipa mdoli akaniambia nijaribu kuubonyeza kifua nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake linalotembea. Nilishindwa kabisa. Ubongo huanza kuharibika dakika chache tu baada ya kukosa oksijeni, na dakika hizo ziko pale mlipo, haziko barabarani. Mtu wa pili ndiye apige simu na kutafuta usafiri, wewe endelea. Hapa Tanzania 112 ni ya dharura, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Ukiwa peke yako na mtoto, mpe huduma dakika moja mpaka mbili kwanza, ndipo upige simu ukiwa umeweka sauti ya nje. Mimi nimeziandika namba hizo kwa rangi ya mafuta kwenye geti, pamoja na za majirani wawili wenye gari.

Mfuniko niliuchomelea wiki ileile tuliyotoka hospitali. Bamba la milimita tatu, bawaba, na kufuli. Baada ya hapo nilipita nyumba kwa nyumba, na wenye visima vya bati niliwatengenezea kwa bei ya chuma tu, bila ufundi. Nimefikisha 14. Dada yangu alikuja kuuona Pasaka. Aliufungua, akaufunga, akavuta kufuli mara mbili, kisha akaniomba chai.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana uani kwangu, watu kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Mdoli hatuwezi kununua, kwa hiyo nimetengeneza kifua kwa ubao, sponji ya siti ya pikipiki na spring za godoro bovu, kinashuka sentimita 5 na kugonga. Pumzi tunafanya mazoezi ya kuinamisha kichwa tu, mmoja kwa mwenzake, mpaka tuazime mdoli wa shule. Binti ndiye anayeongoza. Bibi aliyemwambia atoke huja na mkeka wake, hukaa mbele.

Babu naye huja. Mara ya kwanza alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akamwambia binti, "Nifundishe na mimi hiyo ya siku hizi." Magoti hayamruhusu tena kukaa chini kwenye saruji, hivyo tumemwekea kiti karibu na kifua cha sponji. Sisi tunabonyeza. Yeye ndiye anayehesabu, moja mpaka kumi, mara tatu, na mtu akichelewa humgonga begani kwa bakora.